Jumapili ya Mfungo Ishirini na Tisa

Nilipoamua kwamba sitasema uongo tena, nilianza na uongo wa mafundi wa nguo, maana ndio niliokuwa nao karibu. Nilikuwa fundi cherehani katika baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, Mji wa Kale, Mombasa, wakati wa vita vikuu vya pili. Tulikuwa mafundi watatu, tumekaa migongo ukutani na magoti kichochoroni, kila apitaye akituona na sisi tukimwona. Na kila mmoja wetu alikuwa na maneno yake ya kumwondoa mteja. Imebaki vifungo tu. Imebaki pasi. Lo, ungekuja saa moja iliyopita ungenikuta naikamata hiyo hiyo! Na kitambaa kiko chini ya meza, kimekunjwa vile vile alivyokileta mwenyewe.

Mimi nilikuwa mtu wa bara, na nilikuwa nasoma darasa la ubatizo. Kila Jumamosi alasiri tulikutana katika chumba cha shule huko Tononoka, wengi wetu vibarua wa bandarini na wafanyakazi wa reli, na aliyetufundisha alikuwa karani wa reli, mtu wa bara kama sisi, mrefu, mkali, asiyecheka ovyo. Hakuwa mnafiki, hilo lazima niliseme mapema. Alikuwa amekataa kazi ya Jumapili kule ofisini kwake, na watu waliokuja nyuma yake wakapandishwa vyeo yeye akabaki kwenye kiti kile kile. Alipotuambia kwamba mfuasi wa Bwana hana haja ya kuapa, kwamba akisema ndiyo inatosha, nilimwamini kwa sababu alikuwa analipia maneno yake.

Basi nikarudi barazani na moto wangu. Mteja akija, namwambia wazi: yako haijaguswa, njoo Alhamisi. Wengine walikasirika. Bibi mmoja alinitukana mpaka nikaona haya, akasema fundi gani huyu asiyejua hata kumtuliza mtu. Fundi mkubwa, Mswahili wa hapo hapo mjini, mtu wa miaka hamsini mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alicheka hadi akashika ubavu.

"Wewe wataka kutuua njaa," akaniambia. "Watu wamezoea kudanganywa kwa adabu."

Nilimjibu vibaya. Nilikuwa na hasira za karibu siku zile, na tangu nianze darasa zilikuwa zimezidi, kwa kuwa sasa nilijiona nina haki nazo. Nilimwambia yeye na uongo wake watajua wenyewe. Akanitazama juu ya miwani, akaendelea kushona.

Lakini baada ya miezi miwili mitatu, jambo likageuka. Watu wakaanza kuniulizia mimi. "Yule kijana wa bara, asemaye Alhamisi ikawa Alhamisi." Nisiseme sikufurahi. Nilikuwa nakwenda kwangu Mwembe Tayari jioni kifua mbele, nikijiambia haya ndiyo matunda. Usiku nikisali, nilikuwa naitaja baraza ile kwa Mungu kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Ramadhani ikaingia. Wenzangu wawili walikuwa wamefunga, mikono yao ikawa mizito kuanzia adhuhuri, na kazi ya Idi ikaja kama mafuriko. Mimi nilikuwa sifungi. Nilikuwa nakula mkate wangu nyuma ya duka, nimegeukia ukuta, ili nisiwatie tamaa. Wiki ya pili akanijia mzee mmoja jirani, mshona makubadhi. Kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa kichochoro, hatua kumi kutoka kwenye cherehani yangu, na kutwa tulikuwa tunasikia nyundo yake ikigonga ngozi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa malori ya jeshi, amepelekwa Misri.

Akanifungulia furushi. Kitambaa cheupe, laini, kizito kidogo, si kama bafta, ile pamba ya kawaida tuliyokuwa tunaitafuta siku zile kwa udi na uvumba.

"Mwanangu kaniletea," akasema. "Kampa mwenziwe aliyerudi. Sasa yeye mwenyewe kahamishwa, sijui yuko wapi, barua haziji. Nataka kanzu. Nataka niende nayo kuswali Idi, nimuombee nguo yake ikiwa mwilini mwangu."

"Itakuwa tayari kabla ya Idi, mzee wangu."

"Wallahi?"

"Mimi siapi, mzee wangu. Nimesema."

Akainamisha kichwa kwa kukubali, akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako," na akamtazama fundi mkubwa, ambaye alikuwa amemshonea kanzu zake zote kwa miaka ishirini. Fundi mkubwa alijitia anatafuta sindano. Mimi nilijiona nimekua kimo.

Kushona kanzu yenyewe si kazi kubwa. Kazi iko shingoni. Mzee alitaka shingo ya kudarizi kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na hiyo hula siku nzima ya mwanga mzuri. Nikapanga mambo yangu. Nilihesabu siku thelathini tangu mfungo wa kwanza, nikaona Idi itakuwa Jumanne. Kwa hiyo shingo nikaiwekea Jumatatu kutwa. Nikachukua kazi nyingine mbili juu yake, kwa kuwa nafasi ilikuwapo, na kwa kuwa nilipenda kuombwa.

Jumamosi karibu na adhuhuri, fundi mkubwa akauliza kanzu ya mzee imefika wapi.

"Imebaki shingo. Naifanya Jumatatu."

Akaacha kukanyaga cherehani. "Jumatatu? Na mwezi ukiandama kesho?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Kesho Jumapili ni mfungo ishirini na tisa. Magharibi watu watatazama mwezi. Ukionekana, Jumatatu ni Idi, na Idi huswaliwa asubuhi. Usipoonekana, ndipo watu watatimiza thelathini. Hakuna ajuaye mpaka jicho lione.

"Wewe ulidhani mwezi una kalenda ya ofisi?" akasema.

Miaka yote ile nimekaa kati ya Waislamu, nimekula sahani zao za Idi, na sikuwahi kujua hilo. Hakuna mtoto wa mji ule ambaye angekosea hivyo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kuchelewa kuniambia.

Hakujali. Akanyoosha mkono. "Nipe mimi. Kesho nitaimaliza. Nimefunga, lakini macho yangu hayajafunga."

Hapo ndipo ninapopaona hata leo. Mkono ule ulikuwa umenyooshwa mbele yangu, mkono wa mtu niliyemdharau, aliyekuwa na rundo la kazi yake mwenyewe la kutosha. Ningempa. Badala yake nikajitia dini. Nilimwambia siwezi, kwetu kumtuma mwingine afanye kazi yako Jumapili ni sawa na kuifanya mwenyewe. Ni kweli mwalimu alitufundisha hivyo. Lakini sicho kilichonizuia. Kilichonizuia ni kwamba mzee alinichagua mimi, na sikutaka shingo ile iwe ya mtu mwingine.

"Haya," akasema fundi mkubwa. "Yako."

Nikaikamata kanzu niianze papo hapo. Nilikuwa nimetia mishono kidogo tu, michache isiyofika hata upana wa vidole vitatu, mzee wa makubadhi alipotoka kibandani kwake kwenda msikitini. Akasimama mbele yangu.

"Vipi, mwanangu? Tutakuwa salama?"

Nilikuwa najua. Dakika ile nilikuwa najua kila kitu. Ningemwambia: mzee wangu, nimekosea hesabu, mpe fundi mkubwa, bado kuna wakati. Mdomo wangu ukafunguka, na yakatoka maneno ya baraza, laini, yamepigwa pasi.

"Usiwe na wasiwasi, mzee wangu. Imebaki shingo tu."

Akaniombea kheri, akaenda zake. Cherehani ya fundi mkubwa ilikuwa inakwenda, tr-r-r, tr-r-r, nami sikuthubutu kuinua macho.

Saa tisa nikaifunga kanzu ndani ya gazeti nikaenda Tononoka. Nilikuwa na mpango: nitamuuliza mwalimu, ataniruhusu, kesho nitaamka alfajiri nimalize. Kuimaliza usiku ule haikuwezekana. Duka lilikuwa linafungwa jua likichwa, na chumbani kwangu nilikuwa na koroboi tu, ambayo kwa mwanga wake hata uzi mweusi usingeuona. Darasa lilipokwisha nikamngoja mwalimu mlangoni, nikamweleza. Nilimweleza habari ya mwezi na ya mtoto aliye vitani. Habari ya mkono wa fundi mkubwa sikuigusa, wala yale niliyomwambia mzee.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ndugu," akasema, "zimebaki wiki tatu ubatizwe. Siku ya Bwana ni ya Bwana. Kila mara shetani akitaka kuivunja, huleta sababu nzuri. Mimi huletewa mabehewa, wewe umeletewa kanzu."

"Lakini nimetoa neno langu, mwalimu."

"Ulilitoa bila kujua. Huyo mzee atangoja siku moja. Ukishika sindano kesho, usije tena darasani mpaka mwaka ujao."

Nilirudi kwangu roho juu juu. Nilikuwa na vitu viwili tu vya kutii, na vyote viwili mwalimu huyu huyu ndiye aliyenipa, na sasa vimegeuka vinatazamana kama majogoo. Sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda ibadani na furushi kwapani. Kwa nini nililibeba, sijui. Kila tulipoinuka kuimba nilikuwa nahesabu: nikitoka sasa, kufikia saa kumi nimemaliza. Tulipoketi kusikiliza mahubiri nikahesabu tena. Mtu aliyekaa karibu nami aliniuliza kama naumwa.

Baada ya ibada nilitembea. Nilipita Marikiti, siku ile makuli wachache, harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikafika kichochoroni petu. Duka limefungwa, lakini fundi mkubwa alikuwa ametoa cherehani yake kwenye baraza ya nyumba yake, anashona na midomo imemkauka. Hakuniita. Nikageuka. Nikaenda mpaka Mwembe Tayari, nikarudi tena. Safari ya tatu nilifungua gazeti, nikatoa sindano, nikatia uzi tunduni. Nikiwa nimesimama pale ukutani, nikafikiria jina langu likikatwa, na wenzangu wote wamesimama mbele na mavazi meupe, mimi nyuma kama mwaka uliopita na uliotangulia. Nikachomoa uzi. Nilijiambia ninamtii Mungu. Labda. Lakini aliyekuwa machoni pangu alikuwa karani wa reli.

Jioni nikafuata watu ukingoni mwa bahari, kule karibu na Ngome, walikokwenda kutazama mwezi. Wanaume, watoto, wazee na fimbo zao, wote macho juu. Mimi nami nikatazama, na hapo nikafanya sala ambayo sijamsimulia mtu hadi leo. Niliomba mawingu. Mkristo mtarajiwa nimesimama kati ya watu wenye njaa na kiu, namwomba Mungu awaongezee siku moja nyingine ya kufunga, mji mzima, wagonjwa na wazee, kwa ajili ya shingo moja ya kanzu. Na niliomba kwa bidii.

Mtoto mmoja akapiga kelele. "Ule! Ule pale!" Vidole vikainuka vyote upande mmoja. Watu wakaanza kukumbatiana, na takbiri zikaanza msikiti mmoja mpaka mwingine. Aliyesimama karibu nami, mtu nisiyemjua, alinishika mkono akaniombea baraka za Idi. Nami nikaitikia vizuri tu.

Jumatatu alfajiri nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, naidarizi shingo ile kama mtu anayefukuzwa. Makundi yaliyovaa kanzu mpya yalinipita yakienda kuswali. Nilimaliza saa saba mchana. Kazi yangu nzuri kuliko zote, sikuwahi kushona shingo kama ile.

Mzee alikuwa amekaa ukumbini kwake na wageni wanne watano, fundi mkubwa mmoja wao. Alikuwa amevaa kanzu yake ya zamani, imegeuka rangi ya chai kwenye kola, na kiwiko kimetiwa kiraka. Ameswali na hiyo. Ameomba na hiyo. Nikasimama mlangoni, furushi mkononi.

"Haa, fundi!" mgeni mmoja akasema. "Idi ya mwaka huu au ya mwakani?"

Wakacheka. Fundi mkubwa hakucheka.

"Mwacheni," mzee akasema. "Ndoo, mwanangu, ndoo uketi. Kula kwanza."

"Shikamoo, mzee wangu. Jana ilikuwa Jumapili," nikasema. Sauti ilinitoka juu kuliko nilivyotaka. "Dini yangu hainiruhusu kufanya kazi Jumapili."

"Marahaba. Ni kweli, kila mtu na dini yake." Akaikunjua kanzu, akapitisha kidole gumba shingoni, taratibu, fundi akiipima kazi ya fundi. "Mashaallah. Mkono wako ni mzuri." Halafu bila kuniangalia, "Lakini Jumamosi haikuwa Jumapili."

Wangenitukana ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningeondoka nimekasirika, nikasali kwa ajili yao njiani. Badala yake aliniletea sahani ya biriani kwa mikono yake mwenyewe, nikala. Na kusema "nisamehe, nilikudanganya" sikusema. Wageni walikuwa wengi, nikajiambia nitamwambia siku nyingine.

Baada ya wiki tatu nilibatizwa. Kabla ya maji, mwalimu alisimama mbele ya kanisa zima akanishika bega. Akasema huyu ndugu alijaribiwa, mteja alimbana, siku ilikuwa finyu, naye akaiweka sindano chini kwa ajili ya Bwana. Watu wakaitikia kwa furaha. Mama mmoja alilia. Nilikuwa na nafasi. Mwalimu hata aliniuliza, "Una neno la kuongeza, ndugu?" Nilikuwa na mkono wa fundi mkubwa, nilikuwa na yale maneno matatu ya Jumamosi. Nikatikisa kichwa. Maji yakanishukia nikiwa nimenyamaza hivyo.

Nilidhani nitatulia. Nilijitahidi sana baada ya hapo. Nilisoma zaidi, nilifunga chakula Ijumaa, nilitoa zaidi kanisani, nilimkemea kila mtu aliyechelewa darasani. Lakini nyundo ya makubadhi ilikuwa inagonga hatua kumi kutoka kwangu, kutwa. Na kila siku mzee alinisalimia, bila kinyongo chochote. Ijumaa alikuwa anavaa kanzu ile kwenda msikitini, akiulizwa anasema imeshonwa pale. Miezi ikapita, kuomba radhi kukawa kugumu zaidi kila mwezi, mpaka nikajishawishi kwamba amesahau.

Mwaka uliofuata vita vilikwisha. Mwanawe aliandika kwamba yuko hai, atarudi, na akaleta kitambaa kingine. Ramadhani ilikuwa imefika mfungo wa kumi na tano, mzee akavuka kichochoro na furushi, akaja moja kwa moja kwangu. Nilisimama kwa furaha, nikaangusha mkasi. Amenirudia mimi!

"Nataka ya Idi," akasema. "Shingo kama ile. Naihitaji Jumatano ijayo, usipitishe Jumatano. Idi itakuwa Alhamisi."

Nikasema ndiyo. Alipokwisha kwenda ndipo nikahesabu kwa vidole. Safari hii nilikuwa najua kuhesabu, nilikuwa nafuatilia mwezi tangu mfungo wa kwanza kuliko hata wenye kufunga. Jumatano ile ilikuwa mfungo ishirini na moja. Idi isingeweza kuwa Alhamisi kwa namna yoyote. Ilikuwa siku tisa au kumi baada yake. Na mzee yule aliyeswali sala tano tangu utotoni alikuwa anajua mfungo wa leo kama anavyojua jina lake.

Nikamtazama fundi mkubwa.

"Si wewe tu," akasema kwa upole, miwani puani. "Watu wa mji huu wote humtajia fundi siku ya uongo, ya mbele, ili akichelewa wasiharibikiwe. Mimi amenifanyia hivyo miaka ishirini." Akakata uzi kwa meno. "Ni wewe tu aliyekuwa akikutajia ya kweli."

Nilimaliza kanzu ile Jumanne, siku moja kabla. Nikaipiga pasi, nikaitundika msumarini juu ya kichwa changu, mahali ambapo mtu akiwa upande wa pili wa kichochoro angeiona. Jumatano nilikaa namngoja tangu asubuhi. Hakuja. Hata hakuinua macho. Alhamisi hakuja. Ilikaa pale siku kumi, naipangusa vumbi. Alikuja siku ya mkesha wa Idi, jua linakaribia kuchwa, anatembea polepole, na usoni ameshajitayarisha kunisamehe.